Pumu ya watoto: tunabania dawa saa ya hatari, tunaimwaga siku za kawaida

Salbutamoli ilipoingia sokoni mwaka 1969 kwa jina la Ventolin, madaktari walipata kitu walichokitafuta kwa miaka mingi: dawa ya kuvuta inayolegeza misuli ya njia za hewa bila kuutimua moyo mbio kama zile za awali. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hatimiliki yake ilikwisha zamani, viwanda vingi vinaitengeneza, na mtoto aliyebanwa akipewa sawasawa huanza kupata nafuu ndani ya dakika chache. Hata hivyo pumu bado inaua. Makadirio ya shirika hilo hilo kwa mwaka 2019 ni watu milioni 262 wenye pumu na vifo 455,000, vingi vikiwa katika nchi zenye kipato kidogo.

Jibu linalokuja upesi ni kwamba dawa hazipatikani. Ni kweli, na ni aibu. Lakini jibu hilo linaishia njiani, maana watoto hufa hata pale ambapo inhela, kopo dogo la kupulizia dawa, imo mkobani, tena imejaa. Ninachokiona mimi ni kwamba dawa hizi za kupanua njia za hewa tunazitumia kinyumenyume. Saa ile mtoto amebanwa, anapohitaji dozi ya kutosha na ya mfululizo, tunampa kwa woga. Zikija siku za kawaida, ambapo angetakiwa kuwa anatumia dawa nyingine kabisa, tunampulizia asubuhi na jioni kama anayenawishwa uso.

Tuanze na kinachotokea kifuani. Mtoto akishikwa na pumu, mambo matatu hutokea kwa pamoja katika mirija ya hewa: misuli inayoizunguka hujikaza, utando wa ndani huvimba, na ute mzito huongezeka na kuziba. Kwa mtoto hilo ni balaa zaidi kuliko kwa mtu mzima, kwa sababu mirija yake ni myembamba tangu mwanzo. Fizikia hapa haina huruma: mrija wenye upana fulani ukipungua ukabaki nusu, ukinzani wa hewa inayopita ndani yake kwa utulivu hauongezeki mara mbili, unaongezeka mara 16. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa akicheza saa moja iliyopita anaweza kukutwa ameinama mbele, mabega yamepanda, ngozi ya katikati ya mbavu inazama kila anapovuta pumzi, na hawezi kumaliza sentensi moja.

Salbutamoli inashika jambo la kwanza tu kati ya yale matatu. Inalegeza misuli. Uvimbe na ute haiugusi kwa kiasi cha maana. Sentensi hizo tatu fupi, kwa maoni yangu, ndizo zingepaswa kuandikwa kwenye kila boksi la inhela, kwa sababu karibu makosa yote ninayoyajadili hapa yanatokana na kuzisahau.

Kosa la kwanza ni woga. Wazazi wengi wamekariri “puliza mara mbili” na hapo hapo wanasimama, hata mtoto akiwa anaendelea kuhema. Mipulizo miwili inatosha kwa kubanwa kidogo. Kwa shambulio la kweli, miongozo inazungumza lugha nyingine. Ule wa kimataifa unaojulikana kwa kifupi GINA unaelekeza kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 11 apewe mipulizo 4 hadi 10, kila mmoja ukiwa na maikrogramu 100, kila baada ya dakika 20 katika saa ya kwanza, na kwa aliye chini ya hapo kiwango ni kidogo zaidi. Uingereza wamezoea kuhesabu hadi mipulizo 10, mmoja mmoja. Australia wana kanuni ya huduma ya kwanza inayokaririwa na walimu na wazazi: mipulizo 4, pumzi 4 kwa kila mpulizo, subiri dakika 4, na hali isipobadilika rudia; ikigoma bado, ambulensi inaitwa huku mipulizo ikiendelea. Namba zinatofautiana, lakini zote zinakubaliana kwamba katika saa ya kwanza dozi hurudiwa haraka, na mtoto asiyepata nafuu, au anayepata nafuu kisha akabanwa tena kabla ya saa tatu au nne, anapelekwa hospitali bila kungoja kupambazuke. Dozi ya mtoto husika ni ya kuandikiwa na anayemtibu, kwenye karatasi, kabla ya siku ya tukio.

Woga huu haukuota tu. Katika miaka ya 1960, inhela zenye nguvu kubwa za isoprenalini, dawa ya zamani ya kupanua njia za hewa, zilienea Uingereza, Australia na New Zealand, na vifo vya pumu vikapanda mara kadhaa, Uingereza vikiwaandama hasa watoto wa miaka 10 hadi 14. New Zealand ilipigwa tena: vifo vilipanda kuanzia mwaka 1976 baada ya fenoteroli, dawa nyingine ya aina hiyo, kuingia, na vikashuka serikali ilipoiwekea mipaka mwaka 1989. Wataalamu walibishana kwa miaka mingi juu ya chanzo hasa, kama ni sumu ya dawa yenyewe kwa moyo au ni watu kuitegemea wakachelewa kwenda kutibiwa. Pengine ni yote mawili. Kwa vyovyote, kumbukumbu ya kwamba “inhela huua moyo” ilibaki midomoni mwa watu, ikahamia kwenye salbutamoli, dawa tofauti na iliyo salama zaidi kwa mbali.

Sisemi kwamba salbutamoli haina madhara. Mikono hutetemeka, mapigo ya moyo hupanda, mtoto huwa na kiherehere. Dozi kubwa za mfululizo hushusha potasiamu kwenye damu na zinaweza kupandisha asidi ya laktiki, na hapo mtoto huanza kupumua haraka kwa sababu ya dawa ilhali kifua kimeshafunguka. Daktari asiyelijua hilo huongeza dawa badala ya kupunguza. Lakini hayo ni mambo ya kusimamiwa wodini na mtu anayeangalia, anayepima, anayesikiliza kifua. Nyumbani, au njiani kuelekea hospitali, kinachomtishia mtoto ni kukosa oksijeni. Mikono inayotetemeka haijamuua mtu.

Kosa la pili ni kuiabudu mashine. Nebulaiza, mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvuta, inanguruma, inatoa moshi mweupe, ina waya na barakoa, na mzazi akiiona anahisi mtoto sasa ametibiwa. Inhela ndogo yenye spesa, ile chemba ya plastiki inayokaa kati ya inhela na mdomo, inaonekana kitu cha nyumbani tu. Ushahidi unasema vingine. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaochambua majaribio ya tiba, yaliyohuishwa mwaka 2013 yalikusanya majaribio 39 yaliyolinganisha njia hizo mbili, yakiwemo ya watoto wapatao 1,900. Spesa haikuzidiwa na nebulaiza katika kuzuia watoto kulazwa. Zaidi ya hapo, watoto waliotumia spesa walikaa muda mfupi zaidi kwenye chumba cha dharura, kwa takriban nusu saa, na mapigo ya moyo wao hayakupanda sana kama ya wenzao wa mashine. Nebulaiza ina mahali pake: mtoto aliye taabani, anayehitaji oksijeni wakati huo huo, apewe dawa kwa nebulaiza inayoendeshwa kwa oksijeni. Kwa walio wengi, ambao shambulio lao ni la wastani, kuwapanga foleni kungoja mashine moja wakati inhela zimejaa kabatini ni kupoteza dakika ambazo mtoto hana.

Na mashine yenyewe huwa inatumikaje? Simama kidogo pembeni uangalie. Mtoto hataki barakoa, analia, anageuza uso. Mzazi anaisogeza mbali kidogo na pua, sentimita chache, ili asimsumbue. Moshi unapita mashavuni, unapanda kuelekea dari. Baada ya dakika kumi mashine inazimwa na kwenye faili inaandikwa kwamba dozi imetolewa. Imetolewa, ndiyo, ila haikuingia. Barakoa isiyogusa uso hupoteza sehemu kubwa ya dawa, na mtoto anayelia naye huiacha nyingi ikwame kooni badala ya kufika mapafuni.

Spesa nayo ina ufundi wake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo dawa hupotelea. Inhela hutikiswa kwanza. Mtoto mdogo hupakatwa, mgongo wake kwenye kifua cha anayempakata, na barakoa ya spesa hubanwa usoni ifunike pua na mdomo pasibaki mwanya. Mpulizo mmoja. Kisha macho yawe kwenye kilango kidogo cha ndani ya spesa: kila mtoto anapovuta pumzi kinafunguka, akitoa kinafunga. Kikifanya hivyo mara tano au sita, dawa imekwenda. Inhela inatikiswa tena, mpulizo wa pili, hesabu upya. Wengi huchoka na utaratibu huo, wakapuliza mara nne au tano kwa mkupuo ndani ya chemba, kisha ndipo wampe mtoto avute. Chembe za dawa hugongana, hushikamana, hunata ukutani mwa plastiki, na kinachofika mapafuni ni kidogo kuliko walivyodhani. Na kuna jambo dogo ambalo hata wahudumu wengi hawajaambiwa: spesa ya plastiki ikioshwa na kukaushwa kwa kitambaa hupata umeme tuli unaonasa dawa. Ioshwe kwa maji ya sabuni, iachwe ikauke yenyewe.

Anayesema spesa ni ghali au haipatikani, namkumbusha kazi iliyofanyika Cape Town. Profesa Heather Zar na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet mwaka 1999 jaribio la watoto wenye shambulio la pumu waliopewa dawa kupitia vyombo tofauti, kimojawapo kikiwa chupa ya kawaida ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa tundu lenye umbo la mdomo wa inhela na kuzibwa kwa gundi pasivuje. Chupa hiyo ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Kikombe cha plastiki laini ndicho kilichofeli. Zaidi ya robo karne imepita, na bado ziko sehemu za kutolea huduma ambazo hazina spesa wala chupa, zina inhela tupu tupu zinazopulizwa moja kwa moja kwenye mdomo wa mtoto wa miaka mitatu. Kwa umri huo, dawa nyingi huishia kwenye ulimi.

Kuhusu sharubati na vidonge vya salbutamoli sitasema mengi. Vinachelewa kufanya kazi, vinatetemesha na kupandisha mapigo ya moyo kuliko dawa ya kuvuta, na kwa shambulio la ghafla havifai. Vinaendelea kuandikwa kwa sababu mzazi amezoea kwenda nyumbani na chupa. Aminofilini ya mshipa nayo, dawa nyingine ya kupanua njia za hewa ambayo zamani ilikuwa tegemeo, ina mwanya mdogo mno kati ya dozi inayoponya na inayodhuru. Pale ambapo salbutamoli ipo, haina sababu ya kutangulizwa.

Sasa turudi kwenye yale mambo mawili ambayo salbutamoli haiyagusi. Uvimbe unahitaji steroidi, kwa kawaida prednisoloni ya kunywa kwa siku tatu hadi tano, au deksamethasoni kwa siku moja au mbili. Steroidi huchukua saa kadhaa kuanza kufanya kazi, na hiyo ndiyo sababu ya kuitoa mapema, ndani ya saa ya kwanza, wala si baada ya kuona kwamba mipulizo imeshindwa. Ikitolewa mapema inapunguza idadi ya watoto wanaolazwa. Mtoto aliyebanwa sana huongezewa ipratropiamu, ambayo hulegeza misuli kwa njia nyingine, ikichanganywa na salbutamoli katika saa za mwanzo. Akishalazwa, kuendelea nayo hakujaonyesha faida. Oksijeni hutolewa kwa lengo la kufikisha kipimo chake kwenye damu asilimia 94 hadi 98, na kwa asiyeitikia yote hayo ipo magnesiamu salfeti ya mshipa. Kwa hiyo salbutamoli katika shambulio kali ni dawa ya kununua muda hadi nyingine zifike. Hospitali inayotoa mipulizo mitatu mizuri, ikaona mtoto amechangamka na kumruhusu bila steroidi, imenunua muda halafu haikuutumia.

Kuna upande mwingine wa shilingi ambao nisipoutaja nitakuwa nimechochea kosa jipya. Si kila kifua kinacholia filimbi ni pumu. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja mwenye mafua, homa kidogo na mlio kifuani mara nyingi ana maambukizi ya virusi kwenye mirija midogo kabisa ya mapafu, na huko salbutamoli haisaidii. Mwongozo wa chama cha madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2014 ulisema wazi isitumike. Mtoto aliyeanza kulia kifua ghafla akiwa anacheza, bila mafua, mlio ukiwa upande mmoja wa kifua, huenda amemeza kitu kikaingia njia ya hewa.

Kinyume chake pia hutokea, na nadhani hutokea zaidi: pumu inayoitwa nimonia. Mtoto anapumua haraka, mbavu zinaingia ndani, anapewa antibayotiki. Mwezi ujao vivyo hivyo. Baada ya nimonia ya sita kwa mwaka, hakuna aliyeuliza mbona picha ni ile ile. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto wagonjwa una hatua inayorukwa sana: mtoto mwenye mlio wa filimbi pamoja na kupumua haraka au mbavu kuingia ndani apewe kwanza dawa ya kupanua njia za hewa, hadi mara tatu kwa vipindi vya dakika 15 hadi 20, kisha apimwe upya kabla ya kuhitimisha kwamba ni nimonia. Hatua hiyo inahitaji inhela, spesa na saa moja ya subira. Antibayotiki inahitaji kalamu tu.

Na pale hali inapokuwa mbaya kweli, mlio wa filimbi hupotea. Hili limewaponza wengi. Mtoto aliyekuwa akilia kifua ananyamaza, mzazi anashusha pumzi akidhani amepona, kumbe hewa haipiti kiasi cha kutoa sauti. Kifua kimya kwa mtoto aliyechoka, anayesinzia, mwenye midomo ya kijivu au bluu, ni dharura ya dakika. Apulizwe dawa njia nzima kuelekea hospitali.

Nimesema tunaimwaga siku za kawaida. Mwaka 2014 Uingereza ilitoa ripoti ya kitaifa ya kuchunguza vifo vya pumu kimoja kimoja. Vifo 195 vilichambuliwa, 28 vikiwa vya watoto na vijana wa chini ya miaka 20. Kati ya wagonjwa 165 waliokuwa wakitumia dawa ya nafuu ya haraka kama salbutamoli, na ambao idadi ya inhela walizoandikiwa ilijulikana, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa zaidi ya 12 katika mwaka mmoja. Zaidi ya moja kila mwezi, katika nchi yenye huduma ya afya isiyodai malipo mlangoni. Na asilimia 45 ya waliokufa hawakuwa wametafuta msaada, au walikufa kabla haujafika.

Ukizisoma namba hizo mbili pamoja, unaona mtego ulivyo. Dawa inafanya kazi vizuri mno kwa dakika thelathini za kwanza. Misuli inalegea, mtoto anarudi kucheza, uvimbe unaendelea kukua chini kwa chini. Ikitumiwa kila siku, mwili huizoea na nguvu yake hupungua. Siku misuli inapokataa kulegea, familia ambayo imezoea kuona inhela ikishinda inapuliza, inangoja, inapuliza, inangoja. Mwaka 2019 GINA iliacha kabisa kupendekeza kwamba watu wazima na vijana watibiwe pumu kwa salbutamoli peke yake bila steroidi ya kuvuta, na kwa watoto wa miaka 6 hadi 11 ikaweka njia za kuhakikisha steroidi inaingia kila salbutamoli inapotumika. Kigezo chake cha tahadhari ni rahisi: makopo matatu au zaidi ya mipulizo 200 kwa mwaka yanaashiria hatari ya shambulio, na 12 au zaidi hatari ya kifo.

Shule nazo zina lao. Nyingi zinamnyang'anya mtoto inhela mlangoni kwa sababu “dawa haziruhusiwi”, zikaifungia ofisini kwa mtu ambaye siku ya michezo hayupo. Uingereza ilibadili sheria Oktoba 2014 ili shule ziweze kununua na kuweka inhela ya dharura ya salbutamoli bila cheti cha daktari, kwa ajili ya watoto wanaojulikana kuwa na pumu ambao wazazi wao wameridhia. Ni mabadiliko madogo yasiyohitaji bajeti ya kutisha.

Kama ningepewa nafasi ya kubadili mambo mawili tu, ningeanza na dirisha la dawa. Inhela ya mtoto isitoke pale bila spesa inayomtosha, na anayeikabidhi amtake mzazi aonyeshe anavyoibana barakoa na kuhesabu pumzi, hapo hapo, kwa kopo la majaribio. La pili ni daftari la kawaida la mauzo. Jina la mtoto likionekana kwa kopo la tatu ndani ya mwaka, muuzaji aulize dawa ya steroidi ya kuvuta iko wapi, na kama haipo, aandike barua fupi ya kumrudisha mtoto kwa daktari, ampe mzazi pamoja na kopo lake.